Kumsindikiza Mume au Mke Ng'ambo kwa Matibabu ya Uboho

Siku hizi barua za harambee zinazotufikia, kuanzia Molo hadi Subukia, mara nyingine husema hivi: mgonjwa anakwenda India kubadilishiwa uboho, na mkewe ataandamana naye. Tunachanga na kuomba pamoja nao, kisha tunawasindikiza hadi stendi. Kikundi hufikiria bili ya hospitali. Yule anayeandamana na mgonjwa huwa tumemsahau.

Uboho ni ule ute laini ulio ndani ya mfupa, ambao kwenye supu sisi huunyonya. Ndimo damu inamotengenezwa. Ukiharibika, kwa mfano kwa saratani ya damu, madaktari huuangamiza kwa dawa kali, halafu humtilia mgonjwa mbegu mpya za damu kwa mshipa, kama anavyoongezewa damu. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyeanzisha kazi hii, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Mgonjwa mwingine hutumia mbegu zake mwenyewe, zilizotolewa na kuhifadhiwa kabla ya dawa kali. Mwingine huhitaji za mtu mwingine, na hapa watu wengi hukosea. Mke husema, "Mimi nitampa wangu." Ni upendo, lakini mara nyingi wake haulingani. Wa kupimwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa. Mwenye ndugu watatu ana nafasi kama 6 kwa 10 ya kumpata angalau mmoja. Katika boma la wake wawili, ndugu wa mama wa kambo hahesabiwi hivyo. Siku hizi hospitali nyingine hutumia hata mtoto au mzazi anayelingana nusu. Mwulizeni daktari kama ndugu wanaweza kupimwa kabla ya tikiti kununuliwa. Mwulizeni pia kama kuna njia ya karibu: Tanzania walianza huduma hii Muhimbili mwaka 2021, na Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu.

Sasa makaratasi. Mgonjwa huomba viza ya matibabu, na mwandani wake huomba ya kwake. Anaweza kuulizwa cheti cha ndoa, na wengi wetu tulioana kimila hatuna. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe, basi msingoje ugonjwa. India pia inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya. Mwandani achanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Lakini mgonjwa wa damu asikimbilie chanjo hii! Ina virusi hai na inaweza kumdhuru. Daktari wake ndiye wa kuamua na kumwandikia barua ya kumwondolea sharti hilo.

Jambo linalovunja nyumba nyingi ni muda. Aliyepewa uboho wa mtu mwingine kwa kawaida hutakiwa kukaa karibu na hospitali siku 100 hivi baada ya kuupokea, na kabla ya hapo kuna majuma ya vipimo na dawa. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, aliondoka Oktoba 2017 kwenda Uingereza kutibiwa saratani ya damu, akarudi Julai 2018. Alifariki Julai 2019. Basi mume na mke wazungumze mapema hata lile gumu: tiba ikikataa, tutafanyaje? Si kumwombea mtu mabaya.

Katika siku hizo mwandani ana kazi kweli kweli. Kwa majuma mawili hadi manne hivi mgonjwa hana kinga, anakaa chumba cha peke yake. Mwandani hunawa mikono kila mara, na akiwa na mafua haingii. Wakitoka wodini, yeye ndiye mpishi: chakula kiive kabisa, maji yachemshwe, kachumbari hapana. Joto likifika digrii 38, ni hospitali hata kama ni usiku wa manane. Na kodi ya chumba, unga, gesi na nauli ya teksi haviko kwenye bili ya hospitali. Harambee yetu iviweke kando tangu mwanzo.

Na nyumbani je? Tuseme ni familia ya Bahati yenye ng'ombe wawili na watoto watatu. Nani atakama? Pesa za maziwa zikiingia kwenye akaunti ya baba, na baba yuko wodini, nani ataweka sahihi? Hilo liandikwe benki na kwenye ushirika kabla ya safari. Mkipewa ahadi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ipateni kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayalipi hospitali.

Maswali ya kujadiliana:
Kama mmoja wetu angesafiri kesho kwa miezi minne, watoto wake wangelala kwa nani?
Mchango wetu wa mwisho wa matibabu: shilingi ngapi zilikuwa za yule aliyeandamana na mgonjwa?
Ni nani kati yetu ana cheti cha ndoa, na ni nani hana?