Lengo la Mwaka: Andika, Kisha Hesabu

Somo: Luka 14:28-30

Yesu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza na kuhesabu gharama. Wengi wetu Kibondo na Kasulu husema kila Januari, "Mwaka huu nitaezeka nyumba." Hilo ni tamanio tu. Lengo ni hili: "Bati 20 kabla mvua hazijaanza Oktoba: 8 nikiuza maharage, 12 nikiuza mahindi."

Liandike kwenye daftari. Ukiuza maharage ukapata bati 5 tu, usilifiche daftari. Keti na mwenzi wako, tazameni fedha zilikwenda wapi, kisha rekebisheni mpango.

Nehemia aliukagua ukuta kabla ya kuujenga. Ulikamilika kwa siku 52.

Swali: Je, lengo lako lina idadi na tarehe?