Dalili ya Mvua ni Mawingu

Wanachama wenzangu, likizo ya Agosti kaka yangu alikuja nyumbani Mbololo na vifaa alivyoazima chuoni: kompyuta ya bodi moja, Raspberry Pi, na bodi ya FPGA. FPGA ni chipu ambayo saketi zake hupangwa upya kwa programu. Kompyuta ndiyo iliyoipa programu na umeme. Jamani, taa za bodi ziliwaka kidogo tu, kisha zikazima! Nikaogopa nimeunguza mali ya watu.

Tulichunguza hivi:

1. Programu. Tuliipakia upya, taa zikazima tena.

2. Kioo. Pembeni palitokea alama ya radi. Mimi niliiona tangu asubuhi nikadhani ni pambo! Kumbe maana yake umeme umeshuka chini ya volti 4.63 hivi, badala ya 5. Umeme ukishuka mno, FPGA nyingi husahau programu.

3. Waya wa chaja. Ulikuwa mwembamba, wa simu. Tulinunua mnene mjini Voi.

Radi ikatoweka, taa zikatulia. Basi wenzangu, kabla ya kulaumu programu, pimeni umeme. Dalili ya mvua ni mawingu. Yangu ilikuwa radi, nami sikuisoma.