KUPANDA KILIMA KWA BARABARA: KWA NINI TUSIKATE MKATO

Ndugu wanafunzi, tangu matembezi ya mlima yatangazwe, swali moja linazunguka kila jioni: kwa nini tupande kwa barabara ya Fizi, inayojipinda kama nyoka, na kuna kijia kinachopanda moja kwa moja mpaka juu? Wadogo zetu wa darasa la pili wamesema hata kwamba sisi wakubwa tumekuwa wavivu. Nitawajibu kwa fizike kwanza, halafu kwa udongo.

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo sisi wa Baraka tuko juu tayari, na maji yetu hayangoji digri 100 ili yachemke, yanachemka kwenye 97 na kitu. (Wanaopika maharagi kule milimani wanajua: kadiri unavyopanda, ndivyo kuni zinavyokwisha.) Sasa tuchukue kilima chenye mita 400 juu ya ziwa. Barabara inayopanda mita 8 kwa kila mita 100 itakuwa na kilometa 5. Kijia kinachopanda mita 40 kwa kila mita 100 kitakuwa na kilometa 1 hivi. Mwanafunzi wa kilo 55, mwenye mzigo wa kilo 5, ni kilo 60 za kuinua:

60 × 9.8 × 400 = 235,200 zuli.

Angalieni vizuri. Urefu wa njia haumo kabisa ndani ya hesabu hiyo. Upite barabarani, upite kwenye mkato, kazi ya kuuinua mwili wako ni ile ile. Mlima hautoi punguzo. Kinachobadilika ni muda, na hapo ndipo watu wanajidanganya.

Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: hesabu saa moja kwa kila kilometa 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa barabara yetu ni saa moja na minuti 40, maana yake minuti 100. Kwa mkato ni minuti 12 na minuti 40, jumla 52. Gawanyeni zile zuli kwa sekunde: barabarani mwili unatoa wati 39, kwenye mkato wati 75. Karibu mara mbili! Moyo ule ule, mapafu yale yale, na jua la Baraka mgongoni.

Mtaniambia: lakini nitafika mbele ya wengine. Ndiyo, utafika. Utakaa chini unahema, utamaliza bidoni ya maji iliyokuwa ya kurudia, na wakati wa kuteremka magoti yatatetemeka. Angalieni akina mama wanaoshuka na kupanda barabara hiyo siku za soko, mzigo wa mihogo au wa kuni mgongoni. Hawakimbii, hawasimami-simami. Mama mmoja akikutana nawe kwenye kona ya kwanza, atakupita kwenye kona ya nne. Yeye hakusoma Naismith.

Mizigo na milima ni jambo la zamani huku kwetu. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akakaa miezi saba hivi katika milima ya Fizi, naye alikuwa mgonjwa wa pumu. Chakula na silaha vilifika kwa ziwa, halafu ilibidi vipandishwe kwa migongo ya watu mpaka kambi ya juu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba wapiganaji wengine walikataa kubeba, wakajibu kwamba wao si magari. Tunacheka, lakini mtu aliyepanda na kilo 20 hacheki sana.

Sasa udongo, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Kijia kinachoshuka wima kinakanyagwa, majani yanakufa, udongo mwekundu unabaki uchi. Mvua inapoanza, mwezi wa tisa au wa kumi, maji yanatafuta njia ya kushuka, na njia ni ile tuliyoichimba kwa miguu. Maji yakishuka wima yanapata mbio, na maji yenye mbio yanabeba mchanga, halafu mawe. Mkato unakuwa mfereji. Mfereji unafika barabarani, unaivuka, unaikata. Kila mmoja wetu ameona kamio imelala siku mbili kwenye shimo la namna hiyo. Wakati huo chumvi na ndagala zinapanda bei kule Fizi, mihogo na mahindi yanaoza njiani, na mgonjwa anayeteremshwa kwa piki-piki anashushwa na kubebwa kwa mikono. Wanafunzi mia moja kwenye mkato kwa siku moja si kitu kidogo.

Kwa hiyo tutapita barabarani, wote pamoja, na anayetembea polepole zaidi atakuwa mbele, si nyuma. Tutageuka saa saba kamili, tumefika kileleni au hatujafika, kwa sababu saa kumi na mbili jioni giza linaingia na barabara haina taa. Ruhusa ni ya prefe wa masomo: akisikia kwamba milima haina amani wiki hiyo, hatutoki, na mtu asinung'unike.

Mkifika juu, geukeni mtazame ziwa. Ubwari iko mbele yenu, na ghuba yenye jina la Burton katikati. Burton huyo alipita ziwani mwaka 1858 pamoja na Speke, akaiita Ubwari kisiwa. Mtafuteni kwa macho, upande wa kusini, mahali inaposhikana na nchi kavu.

Zoezi: Kutoka shule mpaka mguu wa kilima ni kilometa 8 za tambarare, halafu kilometa 5 za kupanda mita 400. Tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kupumzika minuti 30 njiani, tutafika kileleni saa ngapi? Majibu yaletwe kwangu, darasa la sita, kabla ya siku ya tano. Mwenye jibu sahihi hatabeba sufuria.