Fundisho: Namna Vidudu vya Pori Vinavyopata Madini ya Udongo

Viwavi na kumbikumbi ni chakula kizuri. Vina mafuta na nguvu, na watoto hukua vizuri wakivila. Lakini mtu mwenye akili huuliza: kidudu hiki kimekula nini, na mahali gani? Maana kidudu ni kama mtoto wa udongo. Kilichomo katika udongo kinaweza kuingia mwilini mwake.

1. Udongo wenye madini

Katika Katanga kuna vilima ambavyo udongo wake umejaa shaba tangu mwanzo. Miti mikubwa haioti hapo, ila majani mafupi na ua la shaba, ambalo watafutaji wa madini walilifuata kama alama.

Kuna na udongo uliochafuliwa na kazi. Tangu mwaka 1911 tanuru za shaba za Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville mpaka 1966, zilitoa moshi miaka mingi. Upepo uliupeleka upande wa kaskazini-magharibi, huko Penga Penga. Miti ikafa, udongo ukabaki wazi. Vumbi lililoanguka lilikuwa na shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimiamu. Moshi hupita, lakini madini hukaa udongoni miaka mingi sana.

2. Njia tatu za kuingia

Njia ya kwanza ni jani. Mizizi ya mti hunywa maji pamoja na madini kidogo, nayo hupanda mpaka majani. Kiwavi hula majani hayo mchana na usiku.

Njia ya pili ni vumbi. Hukaa juu ya jani, na kiwavi hulimeza pamoja na jani.

Njia ya tatu ni udongo wenyewe. Mchwa huchimba chini sana kutafuta udongo wenye maji, huuchukua kwa kinywa, huutia mate, kisha hujenga kichuguu. Kwa sababu hiyo watafutaji wa madini huchukua udongo wa kichuguu na kuupima, wapate kujua kilichofichwa chini.

3. Kazi ya tumbo la kidudu

Si madini yote yanayobaki. Shaba na zinki kidogo ni lazima kwa mwili wa kidudu, basi huchukua kiasi, na kinachozidi hukifunga ndani ya tumbo kama punje ndogo sana. Kidudu kikijivua ngozi, au kiwavi kikigeuka kuwa kipepeo, sehemu ya tumbo la zamani hutupwa pamoja na punje zile. Kwa hiyo mara nyingi kipepeo ana madini machache kuliko kiwavi.

Kadimiamu ni mbaya zaidi: mwili hauihitaji, nayo hutoka kwa shida. Kidudu kinachokula vidudu vingine kinaweza kuikusanya.

4. Hatari kwa mtu

Risasi huharibu akili ya mtoto, hata ikiwa kidogo. Kadimiamu hukaa katika figo za mtu miaka mingi na kuziharibu.

Usifikiri kwamba moto utaondoa hatari. Chemsha maji ya chumvi mpaka yakauke: maji yamekwenda, chumvi imebaki. Ndivyo yalivyo madini. Ukikaanga kiwavi au kukikausha juani, madini hubaki ndani.

5. Mambo ya kufanya

Usiokote viwavi wala kumbikumbi karibu na tanuru, karibu na matope ya kiwanda cha madini, wala kando ya njia ya magari yabebayo mawe ya shaba. Nenda pori la mbali, hata kama miguu itachoka.

Kamua tumbo la kiwavi, utoe majani yaliyomo, kisha uoshe kwa maji safi. Hivyo vumbi na uchafu wa tumbo hupungua. Lakini madini yaliyoingia katika nyama hayatoki kwa kuoshwa.

Ukinunua sokoni, mwulize muuzaji: «Mama, umeviokota wapi?» Ulizo hilo si matusi. Ni ulinzi wa watoto wako na wake.

Usiache kula vidudu vya pori safi. Ubaya hautoki kwa kidudu. Unatoka mahali kilipolishwa.

Maulizo

1. Madini huingia katika kidudu kwa njia gani tatu?
2. Kwa sababu gani kipepeo ana madini machache kuliko kiwavi?
3. Je, moto waweza kuondoa risasi katika chakula?
4. Katika kijiji chako, ni mahali gani pasipofaa kuokota viwavi?