Mwiba wa Taa na Mwiba wa Mgunga

Ndugu msomaji, wapo wanaodai kwamba kila chenye mwiba kimeumbwa kwa ajili ya kudhuru. Hebu tuwachunguze wawili, mmoja wa bahari na mwingine wa bara, ndipo tuamue.

Taa wa madoa ya buluu huishi katika matumbawe tangu Bahari ya Sham hata pwani yetu. Mwilini mwake hamna mfupa. Kiunzi chake ni gegedu tupu. Mkiani ana mwiba mmoja au miwili, yenye meno kama ya msumeno, na sumu imo katika ngozi nyembamba iufunikayo. Je, huwinda kwa mwiba huo? La! Kaa na minyoo huwakamata kwa kinywa. Mwiba hutumika akikanyagwa au akibanwa. Basi upitapo majini, buruta nyayo mchangani, naye ataondoka. Aliyechomwa mguuni autie katika maji ya moto ayawezayo kuyavumilia bila kuungua, kwani joto huiharibu sumu, kisha aende kwa daktari. Mwiba ulioingia kifuani au tumboni usichomolewe na asiye tabibu. Mwaka 2006, huko Australia, Steve Irwin alichomwa kifuani na taa akafa.

Mgunga wenye vinundu huota katika udongo mweusi wa mbuga za Kenya na Tanzania. Baadhi ya miiba yake huvimba ikawa vyumba vitupu. Humo hukaa sisimizi, na upepo ukipita katika matundu yao husikika mluzi. Taa hujibebea silaha yake. Mgunga huajiri askari, ukawapa nyumba na utamu utokao majanini. Ndovu agusapo tawi, humvamia kwa kumwuma.

Huenda ukasema: ndovu akiondolewa, mti utastawi. Wataalamu walilijaribu jambo hilo Laikipia, nchini Kenya, kwa kuzungushia migunga ua tangu mwaka 1995 ili wanyama wakubwa wasiifikie. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalistaajabisha. Migunga ilipunguza vyumba na utamu, kana kwamba imeona mishahara haina kazi tena. Sisimizi walinzi wakadhoofika, wakaja wa jamii nyingine wasiojali mti, na dudu watobao shina wakaongezeka. Migunga iliyokingwa ilikua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile iliyoachwa wazi kwa ndovu na twiga.