Ardhi Ikitetemeka, Je, Mlima Utalipuka?

Mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi wa bweni mkoani Arusha. Jioni ya tarehe 17 Julai madawati yalicheza na vioo vya madirisha vikalia, tukakimbilia nje. Mwenzangu mmoja, ambaye kwao ni chini ya Mlima Ol Doinyo Lengai, alimwuliza mwalimu wetu, "Mwalimu, mlima wetu utalipuka?" Mwalimu akamjibu, "Yamkini, lakini siku yake siijui." Wengine walicheka. Mwenzangu hakulala usiku ule. Leo mimi nami ni mwalimu wa Jiografia, na napenda kulieleza jibu lile.

Matetemeko mengi hutokea pale miamba inaposukumana au kuvutana kwa miaka mingi, hata ikateleza ghafla katika ufa. Tetemeko la namna hii halihitaji volkano. Ndivyo ilivyokuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016: nyumba zilianguka na watu walikufa, wala hakuna mlima uliolipuka.

Lakini yako matetemeko mengine yaletwayo na mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, yaani magma. Magma ikipanda hutafuta njia, na isipoipata huipasua miamba. Kila mpasuko ni tetemeko, aghalabu dogo, nayo huja mengi mfululizo. Wataalamu huyahesabu, na tena hutazama kama mlima unavimba na kama gesi zinazidi kutoka.

Mwaka ule magma ilijipenyeza chini ya Mlima Gelai, jirani ya Lengai, lakini haikufika juu. Tetemeko la 17 Julai, la kipimo cha 5.9, lilikuwa kubwa kuliko yote. Kisha tarehe 4 Septemba Lengai wenyewe ulilipuka kwa kishindo, ukarusha majivu juu sana, yakaangukia malisho. Wazee wa mwenzangu walikuwa wamekwisha kuhamisha ng'ombe wao, maana aliwapelekea habari mara baada ya jibu la mwalimu.

Basi, wanafunzi wenzangu wa elimu hii, msidhani kila tetemeko huleta mlipuko. Likija, jikingeni chini ya meza imara. Ila anayekaa karibu na volkano, akiona matetemeko yanafuatana, asingoje kutajiwa siku. Na awasikilize wataalamu, awaarifu wa nyumbani, na ajue mapema njia ya kuondokea.