Umemaliza Chuo, Umerudi Rwamgasa: Ujuzi Unaoajirika

Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi iwape Watanzania kipaumbele katika ajira. Hata hivyo nafasi za mgodi mkubwa ni chache na waombaji wanatoka nchi nzima. Omba, na jisajili Ajira Portal kwa kazi za serikali. Wakati unasubiri, tazama maduara (mashimo) ya dhahabu na mitambo iliyokuzunguka hapa Rwamgasa. Kazi ya msomi ipo, ila haitangazwi.

Chukua mfano wa marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuchenjuliwa mara ya kwanza. Wengi huuza rundo kwa kukisia, na anayekisia vibaya hupunjwa. Mhitimu wa jiolojia au kemia anajua kuchota sampuli juu, katikati na chini ya rundo, kuzichanganya vizuri, kisha kupeleka maabara. Tuseme rundo ni tani 50 na maabara imesoma gramu 2 za dhahabu kwa tani: ndani mna gramu 100. Mtambo ukikamua asilimia 70, unapata gramu 70. Ukiweza kuwaeleza wenye mali hesabu hiyo kwa Kiswahili chepesi, au Kisukuma pale inapobidi, hakuna atakayekuuliza GPA.

Kwenye matangi ya sayanaidi anahitajika mtu wa kupima pH na kuongeza chokaa mapema. Ikishuka chini ya 10, gesi ya sumu huzidi kutoka. Kituo cha mfano cha STAMICO kilichopo hapa hapa kinachenjua bila zebaki. Kaulizie nafasi ya mafunzo kwa vitendo.

Aliyesoma uhasibu, biashara au sheria naye ana mahali pake: daftari la duara. Humo huingia tarehe, viroba vilivyotoka, mbao, dizeli, chakula, kisha mgao wa mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Mgao ukigombaniwa, daftari lenye sahihi za wote huokoa mengi. Ambatisha na stakabadhi za soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, na kikundi kinakuwa na cha kuonyesha benki.

Kwenye wasifu wako usiandike "mchapakazi". Kila mtu huandika hivyo. Andika ulichopima, ulichokokotoa, na nani anaweza kukithibitisha.

Mwisho, kubaliana malipo kwa maandishi kabla hujaanza kazi. Ukiambiwa "tutaonana mzigo ukitoka", usikubali.